Mpira Unaomponyoka Garland

Nyumba Na. 6, Mtaa wa Sycamore,
Harlow Springs, Arkansas.
Jumanne, 18 Agosti 1987.

Mpendwa Mama mdogo Verlene,

Pokea salamu kutoka nyumbani kwangu. Ndiyo, nyumbani kwangu, na naandika neno hilo taratibu ili nilifurahie. Ni vyumba viwili tu juu ya duka la fundi viatu, na bomba la jikoni linalia kama paka, lakini mapazia nimeyashona mwenyewe, na sanduku la barua pale chini lina jina la mume wangu, Stipe, ambalo sasa ni langu pia.

Mnaendeleaje huko Fairbanks? Goti la Baba mdogo Royce limepata nafuu, au bado analiburuta na kudai haliumi? Na jua lenu la kaskazini limeshakumbuka kuzama? Sisi ni wazima, isipokuwa joto. Jana nilianika mashuka, na kabla sijamaliza kubana la mwisho la kwanza lilikuwa limeshakauka. Mama anaendelea vizuri, anakusalimu, na anasema unamwandikia mara chache mno.

Ahsante tena kwa lile blanketi la viraka. Tunalitandika ingawa ni Agosti, tunalitazama, halafu tunalikunja na kuliweka kando tupate kulala.

Leo tumetimiza miezi miwili na siku kumi na mbili tangu harusi. Garland ananicheka kwa kuhesabu. Mama mdogo, sikujua kama mtu anaweza kufurahi kusikia tu viatu vikipanda ngazi. Akiingia huwa ananusa sufuria kwanza, halafu ananinusa mimi shingoni, na kila siku anasema ameshindwa kuamua. Siku ya harusi, tukiwa nje ya kanisa, nilimwomba jambo moja tu. Wewe unajua kwa nini, maana wewe ndiwe uliyekaa na mama mwaka ule baba alipovua pete yake, akaiacha kwenye kisahani cha sabuni, akaenda kazini Tulsa asirudi tena. Nilimwambia Garland asiivue yake hata siku moja. Akaapa palepale, mkono wake kifuani, mchele tuliorushiwa bado umejaa nyweleni. Na hajaivua.

Sasa nije kwenye jambo linaloninyima raha, maana sina mwingine wa kumwambia. Mama atalia, na Garland hataki nilizungumzie.

Wewe hukuwahi kuupenda mchezo wetu, futiboli ya Kimarekani. Sisi wote tukiizunguka televisheni, wewe ulikuwa jikoni na kitabu chako, kwa hiyo nitakueleza polepole. Timu ya chuo ina wachezaji karibu mia, lakini mrushaji, anayepokea mpira kwanza na kuwarushia wenzake, ni mmoja. Wengine hupumzishwa na kupokezana, yeye hapokezani na mtu. Miaka mitatu Garland amekuwa mrushaji wa pili, maana yake amesimama pembeni na kofia, jezi safi, akionyesha ishara kwa mikono. Yule wa kwanza alimaliza chuo Mei. Huu ni mwaka wa mwisho wa Garland. Asipoipata nafasi sasa haipati tena, na mchezo alioucheza tangu ana miaka saba utaisha bila yeye kuanza mechi hata moja ya chuo.

Anashindana na kijana wa mwaka wa kwanza kutoka Texas, Kip Ledbetter, mwenye meno ya kwenye matangazo. Kila jioni Kocha Hurd anabandika orodha kwenye mlango wa bwalo. Kwa nafasi nyingine kuna jina moja juu na jingine chini. Kwa mrushaji ameandika "Stipe AU Ledbetter", kwa herufi kubwa, wiki mbili sasa. Naipita hiyo "au" mara sita kwa siku nikibeba masinia, kwa sababu nimepata kazi bwaloni, ya kuwapakulia wachezaji. Dirisha la nyuma la jiko linatazama uwanja wa mazoezi. Ndiyo maana ninayajua ninayoyajua.

Mchezo hauanzi mpaka mtu mmoja mnene ainame, ashike mpira ulioko chini, kisha aupitishe kwa nguvu katikati ya miguu yake uingie mikononi mwa mrushaji aliyesimama nyuma yake, viganja vimebanwa chini ya makalio ya mwenzake. Cheka tu, mimi pia nilicheka nilipoelezwa. Mtoa mpira wetu anaitwa Odell Brumfield, kilo mia na thelathini, mtu wa kutoka mashamba ya mpunga.

Mama mdogo, Odell akimpa Kip, mpira unafika. Akimpa Garland, unadondoka. Si kila mara, maana ingekuwa kila mara hata kipofu angeona. Jana peke yake umeanguka mara nne. Kocha anapiga filimbi, anavua kofia, anaivaa tena. Na Garland anaokota mpira bila kumtazama Odell.

Nilidhani ni bahati mbaya mpaka nilipogundua kwamba Odell na Kip wanalala chumba kimoja bwenini. Hilo sikuambiwa na mtu, nimelisoma kwenye karatasi ya nguo za dobi. Halafu Ijumaa iliyopita babake Kip alikuja kutoka Texas na gari lake refu, akashusha makasha mawili ya mapichi mbele ya ofisi ya kocha. Mapichi, Arkansas, mwezi wa Agosti, kana kwamba sisi hatuna. Mtu anayebeba mapichi kilomita mia nne kuyaleta kwenye mapichi ana lake jambo.

Huyo Kip mwenyewe ananiita shemeji. "Ahsante, shemeji. Mikate yako inanikumbusha nyumbani, shemeji." Mvulana wa miaka kumi na minane mwenye adabu kiasi hicho anaficha kitu.

Lakini anayenitia wasiwasi zaidi ni Odell. Zamani alikuwa anarudi kupakuliwa mara tatu, na kila mara ana kichekesho. Sasa anakuja mara moja, macho yake kwenye sinia, anaondoka. Nikimwita hasikii. Jumamosi wachezaji wa ulinzi walikuwa wanamtania Garland mbele ya meza yangu.

"Garland, umepaka mikono siagi?"

"Mwacheni bwana harusi. Mikono yake imezoea kushika vitu laini."

"Basi Odell anyoe makalio, labda Garland atashika vizuri."

Bwalo zima lilicheka. Garland alicheka, hata mimi nilicheka nikiwa nimeona haya mpaka masikioni. Odell hakucheka. Aliweka uma chini na kutoka nje, na mguu mzima wa kuku ukabaki kwenye sahani. Mtu asiye na hatia haachi kuku.

Na sasa Garland ameumia. Kidole cha mkono wa kushoto, kile cha pete, amekifunga plasta nyeupe wiki ya pili hii. Anasema kimeteguka kidogo, daktari wa timu amemwambia asiifungue. Nilipomuuliza pete iko wapi, akaniambia ipo humohumo chini ya plasta, na mimi nikambusu juu ya plasta. Mtu anayecheza na pete ya mkewe ndani ya plasta, mama mdogo, utamwambia nini? Lakini kidole hakiteguki chenyewe. Kimeteguka kwa sababu kuna mtu anautoa mpira vibaya makusudi, na mtu huyo anarudi jioni kulala chumba kimoja na Kip Ledbetter.

Jambo jingine dogo: kila asubuhi nikifungua friji, vile visahani vya barafu ni vitupu. Garland anasema alisikia kiu akanywa chai baridi. Sioni bilauri chafu.

Nimeamua. Keshokutwa Garland ana kikao cha kutazama filamu za mazoezi mpaka saa mbili. Nimemwalika Odell chakula saa kumi na mbili. Nitakaanga kambare, nitapika maharage meupe, nitaoka pai ya mapichi ya hapahapa, halafu nitamuuliza. Jumamosi kuna mechi ya wao kwa wao, na baada ya hapo kocha ataifuta hiyo "au". Niombee.

Jumanne, 25 Agosti.

Mama mdogo, barua hii haijaenda posta. Wiki nzima imekaa chini ya kopo la unga kwa sababu nilikuwa sijui niimalizie vipi. Sasa najua, lakini usiruke mistari, soma yote kwa mpango.

Odell alikuja na shati la kanisani na tikiti maji kwapani. Akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayengoja kung'olewa jino. Nilimpakulia. Alikula. Nilimwongeza, akala. Alipofika kambare wa tano nikaona sasa amelegea.

"Odell," nikamwambia, "kula tu, kuna wengine jikoni. Lakini ukimaliza utaniambia nani amekutuma."

"Kunituma wapi, shemeji?"

"Kumwangusha mume wangu."

Akaacha kutafuna. "Mimi?"

"Ukimpa Kip, mpira unafika. Ukimpa Garland, unadondoka. Mpira ni uleule na makalio ni yaleyale. Kuna kitu hapo katikati, na mimi nataka kukijua."

Alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Nikampa taulo. Alipomaliza kujifuta hakuwa anacheka tena.

"Niliapa nisiseme," akasema.

"Uliapa kwa nani? Kwa Kip?"

"Kwa Garland."

Hapo nikakaa chini.

"Shemeji, sikiliza. Mikono ya Garland iko huku kwangu mara mia mbili kwa siku, unisamehe. Kocha haioni, kamera haioni, mimi ndiye ninayeisikia. Mkono wa kulia unatulia. Wa kushoto unakimbia kabla mpira haujafika. Unaogopa."

"Unaogopa nini?"

Akaitazama pete yangu, akageuza macho upesi kana kwamba amechungulia chumba cha mtu. "Mpira unagonga palepale kila mara. Mpira mgumu kwa nje, mfupa kwa ndani, na pete katikati. Ningekuwa mimi ningeshalia kwa mama. Nimemwambia avue, nimemwambia kila siku. Anasema wewe ulimwomba. Mimi nikikuona pale bwaloni unavyoishika hiyo yako huku unapakua, nitakutazama vipi?"

Kila nilichokuwa nimekiona kilikuwa kweli. Ni kweli Odell alinikwepa, ni kweli aliacha kuku, na ni kweli barafu ilikuwa inaisha, maana Garland alikuwa anakitia kidole kwenye bakuli la barafu mimi nikiwa nimelala. Kila kitu nilikihesabu sawasawa, ila jumla ilikuwa yangu mimi. Miaka kumi na mitano nimemwogopa mwanamume anayevua pete, na nikamfanya huyu ashindwe kushika mpira.

Odell alinikatia tikiti mwenyewe, akanioshea sahani, akaenda zake. Pai hakuigusa.

Garland alipoingia sikumngoja anuse sufuria. Nilimkalisha, nikafungua plasta. Mama mdogo, kidole kilikuwa cha rangi ya zambarau, kimevimba juu na chini ya pete kama soseji iliyofungwa uzi. Nikajaribu sabuni, nikajaribu siagi, nikajaribu uzi kama bibi alivyokuwa akifanya. Haikusogea. Alikuwa anauma meno na kuniambia haiumi.

"Twende zimamoto," nikasema. "Wana kile kikasi cha kukatia pete."

"Siendi."

"Garland."

"Niliapa, Twyla."

"Uliniapia mimi. Basi mimi ndiye ninayekufungua."

Akavaa viatu. Halafu akachukua funguo za gari.

Zamu ilikuwa ya mzee mmoja mwenye masharubu, Bwana Fentress, anayemjua kila mtu mjini. Alitukalisha kwenye ngazi ya gari la kuzimia moto, akavaa miwani, akauliza tumefunga ndoa lini.

"Juni," nikasema.

"Juni hii?" Akatikisa kichwa. "Wengi huwa wanavumilia angalau mpaka Krismasi."

Nikamwambia hatuachani, na nikaanza kulia, na Garland akaanza kucheka, na mzee wa watu akawa hajui ampe nani leso. Kale kagurudumu ka hicho kikasi kanakata polepole sana. Nilikishika kiganja cha Garland mwenyewe, sikugeuza uso. Pete ilipofunguka alishusha pumzi kama mtu aliyekuwa chini ya maji. Sasa iko kwenye pochi yangu, imekatika sehemu moja tu. Sonara anasema itaungika, naye ataivaa tena msimu ukiisha.

Ijumaa asubuhi alikwenda mwenyewe kwa Kocha Hurd, kidole wazi, akamweleza yote. Sikumtuma. Kocha alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Wiki mbili umenifanya nimfokee Odell bure." Halafu akamwambia, "Umenificha kidole, Stipe. Kesho nitajuaje hujanificha goti?"

Jumamosi niliomba ruhusa jikoni, nikakaa kwenye benchi za juu kabisa. Nilihesabu kila mpira uliopita miguuni mwa Odell. Arobaini na mmoja kwa Garland, na hakuna uliodondoka. Mara tatu aliurusha mpaka ukingo wa mwisho wa uwanja, mmoja ukipita juu ya mikono ya walinzi wawili na kushukia mikononi mwa mwenzake kama ametumwa kuuchukua dukani. Nilisimama peke yangu kule juu nikipiga kelele mpaka mtunza uwanja akageuka.

Jumapili baada ya kanisa orodha ilikuwa mlangoni. "Au" imefutwa. Juu Ledbetter, chini Stipe.

Kocha alimwita akamwambia sababu waziwazi. Kip ana wiki mbili za mazoezi safi pamoja na kikosi cha kwanza, na Garland ana siku moja. Na mrushaji ni mtu ambaye wenzake kumi wanamwamini hata kwa wasiyoyaona. Hakufunga mlango, alisema msimu una mechi kumi na moja, na mrushaji wa pili yuko umbali wa kuumia kwa goti moja tu kutoka kwa wa kwanza. Lakini tarehe tano Septemba atakayeanza ni Kip.

Kip alikuja kwenye meza yangu jana. Hakusema mikate inamkumbusha nyumbani. Alisema, "Pole, shemeji," na macho yalikuwa yamemwiva. Nimempakulia pai. Babake bado simwamini.

Sasa nikwambie kilichonizuia kufunga barua hii. Tangu Jumapili nilianza kumshuku Garland. Si kwa wanawake, ingawa mkono wake mtupu unanishtua kila ninapouona. Nilimshuku kwamba ananilaumu na anaificha lawama yake, kama alivyokificha kidole. Nilimchunguza akila. Nilichunguza jinsi anavyofunga mlango. Alisema supu ina chumvi, nikaona ndiyo hiyo imetoka. Alipanda ngazi taratibu, nikasema basi, hataki kufika. Alinibusu shingoni, nikasema moyoni anajilazimisha.

Leo asubuhi nikachoka. Nikamuuliza akiwa anakunywa kahawa. "Garland, unanilaumu?"

Aliweka kikombe chini akafikiri, kama anapoulizwa njia na mgeni.

"Jumapili nilikulaumu," akasema. "Kutoka bwaloni mpaka kwenye daraja la reli. Baada ya daraja nikamlaumu kocha. Nilipofika mtaani nikajilaumu mimi, maana ulichoniomba ni nisiivue, hukuniomba nikufiche kidole. Nilipopanda ngazi nilikuwa na njaa tu."

"Na jana?"

"Jana kidogo. Asubuhi, nikivaa soksi."

"Soksi zote mbili?"

"Moja na nusu."

Mama mdogo, angeniambia hajanilaumu hata dakika moja, ningeendelea kumpeleleza mpaka Krismasi. Lakini mtu anayekuhesabia mpaka soksi, amebakiza nini cha kuficha? Nimemwamini. Alipotoka kwenda mazoezini sikwenda dirishani kumtazama anageukia upande gani. Nilikaa mezani, nikachukua kalamu nikuandikie.

Wasalimie sana Baba mdogo Royce na binamu yangu Denise, na umwambie Denise kwamba gauni aliloninyima siku ya sherehe ya shule nimeshamsamehe. Mama anasema nawe umtumie picha ya hiyo nyumba ya magogo. Garland anakusalimu na kukuomba usikasirike kuhusu pete. Odell hakujui, lakini anajua umetushonea blanketi, naye anasalimia.

Mungu awape huko jua la kutosha kabla baridi haijafika, na awalinde nyote mpaka tuonane tena meza moja.

Mimi binti yako ninayekupenda na kukukumbuka kila nikikunja lile blanketi,

Twyla Stipe.